Degu wa Mama Nestori na Ngozi Iliyowasha

Sogeza kiti, nikueleze. Wewe uliyeanza kazi juzi katika kliniki ya wanyama wadogo, ukapewa aproni na kuambiwa "utazoea", ndiye ninayekuandikia. Mimi nimestaafu majuzi. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, nami nikaona niyafuate. Sitakuchosha na habari za nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, maana hizo hazijawahi kumponya mnyama yeyote. Nitakueleza habari za kuwashwa. Ndilo tatizo linaloletwa kliniki kila wiki, na kila mwenye mnyama huja akiwa ameshaamua sababu yake.

Nilianza na ng'ombe. Kule Kasulu nilikuwa afisa mifugo, na kwa kuwa wafugaji walishazoea kusema "bwana mifugo", mimi waliniita bwana mifugo mwanamke, na hakuna aliyeona ajabu. Kazi yetu kubwa ilikuwa josho. Ng'ombe akijikuna kwenye mti, tunatafuta kupe. Tukiwaona, ng'ombe anaingia kwenye josho, anatoka upande wa pili amekasirika, kazi imekwisha. Niliamini kwamba kuwashwa kote duniani ni hivyo.

Kisha nikamfuata binti yangu Louisville, Amerika, na nyumbani kwake nikagundua kwamba kukaa kutwa nikitazama theluji si kipaji changu. Nikapata kazi ya msaidizi katika kliniki ya wanyama wadogo. Nilitarajia mbwa na paka. Asubuhi ya kwanza nililetewa sanduku lenye matundu, ndani mna kitu nilichokichukulia kuwa panya.

Alikuwa degu. Kama hujamwona, ni mnyama wa milimani kule Chile, mkubwa kuliko panya wa ghalani na mdogo kuliko simbilisi, mwenye macho makubwa meusi na mkia mrefu wenye kishungi cha manyoya mwishoni. Panya wengi hupenda giza; degu anaamka mchana, anazungumza, anakujua uso. Meno yake yanapaswa kuwa ya rangi ya machungwa. Ukiyaona meupe, usimsifu mwenye mnyama kwa usafi, mwite daktari.

Nilinyoosha mkono kumshika kama nilivyozoea kushika wanyama, kwa nguvu na bila mjadala. Daktari Marian, mwanamke mrefu aliyekuwa mwalimu wangu miaka yote ya Louisville, akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Mkia usiguse," alisema.

"Ataniuma?"

"Hapana. Ngozi ya mkia itabaki mkononi mwako, na degu ataendelea na safari zake."

Alikuwa anasema kweli. Maumbile yamempa degu mkia unaochunika ili mwewe aambulie ngozi tupu. Kwa hiyo tunamchota kwa viganja viwili kama mtu anayekinga maji, na tunamsubiri aingie mwenyewe. Nilipoweza kufanya hivyo bila kukunja uso, Daktari Marian alinipa zana zangu: mswaki laini, karatasi nyeupe, utepe wa gundi, tochi ya kufunga kichwani na mizani ya jikoni yenye bakuli la plastiki. Miaka iliyofuata niliona mashine nyingi za kupendeza, lakini nikiwa na haraka bado nilirudia hizo.

Alinifundisha kwanza kutazama mahali manyoya yalipotoka. Pua ikiwa na kipara, huenda mnyama anatafuna nondo za kizimba. Mikono ya mbele ikiwa mitupu, mara nyingi ni meno yake mwenyewe. Kipara kikiwa mgongoni, mahali asipofikia, mtazame mwenzake kwa jicho la shaka. Ngozi ikitoa unga mwili mzima, mswaki juu ya karatasi nyeupe, kisha utulie utazame. Unga ukibaki palepale, huenda ni ukavu. Unga ukitembea, una wageni.

Kijana mmoja wa chuo alileta degu mwenye mikono mitupu kama amevuliwa glavu. Tulikwangua ngozi, tukatazama kwenye hadubini, hatukuona kitu. Daktari Marian akauliza, "Anaishi na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe mchana uko wapi?"

"Darasani. Halafu maktaba. Halafu kazini."

"Kwa hiyo anaishi na sofa."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Degu ni mnyama wa ukoo. Akiachwa peke yake anajitafuna mwili. Alipatiwa mwenzake, wakazoeshwa polepole wakiwa wametenganishwa na wavu, na baadaye tukaletewa picha ya wawili hao wamelaliana kama soksi kwenye droo. Manyoya yalikuwa yamerudi.

Binti yangu alipohamia Columbus, nilihama naye. Nikapata kliniki Clintonville, mtaa wa watu wenye bustani na maoni. Huko nilikutana na utitiri, vijidudu vidogo vya ngozi, kwa mara ya kwanza. Bwana mmoja mwenye ndevu alinunua nyasi kavu, akaziweka kwenye banda la bustani, na degu wake watatu wakaanza kujikuna hadi wanatoa damu. Akaona asitusumbue. Alikuwa na dawa ya viroboto ya mbwa, akawadondoshea shingoni. Alipofika kwetu, mdogo kuliko wote alikuwa amelala ubavu anatetemeka.

"Ilikuwa dawa ya mbwa mdogo," bwana alijitetea.

"Mdogo kiasi gani?" nikamuuliza.

Akatanua mikono. Mbwa aliyekuwa anamwonyesha angeweza kumbeba yule degu mdomoni bila kusimamisha matembezi.

Tulimwosha, tukampasha joto, na kufikia jioni alikuwa ameketi anakula jani la dandelioni, gugu la bustanini, kwa hasira. Wote watatu walipona utitiri kwa dawa ambayo daktari aliipima kwa uzito wa kila mmoja, na nyasi zote zikatupwa. Tangu hapo nampima degu kabla ya kumsalimia. Dawa ya ngozi kwa mnyama mdogo kama huyu huandikwa na daktari, kwa uzito wa leo, si uzito wa mwezi jana.

Sasa nifike Buffalo, ambako tulihamia baadaye, maana ndiko nilikokuwa nakupeleka.

Buffalo ina baridi ambayo sitajaribu kuieleza. Kama uko huko unaijua, kama hauko huko hutaniamini. Nje hewa inakata, na ndani mitambo ya joto inakausha kila kitu: midomo, mbao, ngozi za wanyama. Majira ya baridi daftari la miadi lilijaa sungura wenye pua kavu. Daktari wetu alikuwa Owen, kijana makini, mwenye tabia nzuri ya kusema "sijui bado". Akiwa na mteja wa Kiswahili aliniita mimi, na wateja hao walikuwepo, kwa sababu mtaani Black Rock, karibu na mto, familia nyingi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania zilikuwa zimenunua nyumba za bei nafuu.

Ndivyo nilivyokutana na Mama Nestori. Alikuwa Mrundi, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, aliyelea watoto wake kambini na sasa analea wajukuu Black Rock. Alikuja na mwanawe Nestori, aliyekuwa akifanya kazi ghalani Cheektowaga na alikuwa bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Mama alikuwa amekumbatia kizimba chenye degu wawili wa kike, kimefunikwa kwa kitenge.

Wanyama walikuwa wa mjukuu, binti mwenye umri wa kwenda sekondari, ambaye aliwapenda sana kwa majira ya joto mazima kisha akapata simu. Wakabaki na bibi. Asubuhi Nestori anakwenda ghalani, mkewe anakwenda kiwandani, watoto shuleni. Nyumbani hubaki Mama Nestori na kitoto kichanga, na kichanga hulala. Degu hawalali. Walimpigia kelele akiingia jikoni. Aliwapa majina ya shangazi zake wawili, Karorina na Tereza, kwa sababu, alisema, walikuwa wambea vilevile.

Walikuwa wanajikuna vibaya. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamelala chini kwa mafungu, ngozi chini yake nyekundu.

"Mzee wangu, shikamoo," Nestori aliniambia. "Mimi nitasema wazi. Huu ni upele. Kambini tuliugua upele nyumba nzima, naujua. Na mtoto wangu ameanza kujikuna mashavu."

"Huyo mtoto anawashwa na baridi," mama yake alisema.

"Mama, nilikimbia panya kambini. Sikuja Amerika kuwapangishia chumba."

"Si panya hawa."

"Wana nini ambacho panya hana?"

"Adabu," Mama Nestori akajibu. "Wakikuona wanasalimia. Wewe ukirudi kazini unafungua friji."

Daktari Owen aliuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa, nami nikayatafsiri neno kwa neno. Je, wanaogeshwa kwa maji? Hapana. Wamewekewa dawa yoyote? Hapana, hakuna dawa. Wanalalia nini? Maranda ya mwerezi, yale yanayonukia. Wanaoga mchangani? Hapana, mchanga wa nini tena? Tukakwangua ngozi, tukatazama kwenye hadubini: hakuna utitiri. Daktari akachukua manyoya machache kuyaotesha kwenye chombo, aone kama kuna mashilingi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka ya mviringo ambao kweli unaweza kumwambukiza mtoto. Majibu yake yanachukua muda. Akashauri waondoe maranda ya mwerezi, harufu yake huwasha ngozi. Waweke karatasi laini iliyokatwakatwa. Kizimba kisikae karibu na mtambo wa joto. Na wapewe bakuli la mchanga laini sana wa kuogea, maana degu hujisafisha kwa kugaagaa, kama punda. Mtoto apelekwe kwa daktari wa watoto.

Ushauri mzuri. Ungempa mtu yeyote ushauri ule.

Walirudi kabla majibu ya kuotesha hayajatoka, na degu walikuwa wabaya zaidi. Manyoya yalikuwa yameshikana kama brashi ya rangi iliyosahaulika, mchanga umeganda ndani, na Tereza alikuwa amejikwaruza bega mpaka kidonda. Mama Nestori alikuwa amefuata kila kitu. Karatasi laini, kizimba mbali na joto, mchanga kila siku.

"Mchanga wenu ndio umewamaliza," aliniambia kwa upole, kama mtu anayesamehe.

Nestori hakuwa tayari kusamehe. "Mzee wangu, mke wangu halali. Kila mtoto akijishika shavu, analia. Nimeongea na kile kituo kinachopokea wanyama wasio na wenyewe. Jumamosi nawapeleka."

Mama Nestori hakubishana safari hii. Alikunja kitenge juu ya kizimba, akakikunjua, akakikunja tena. "Sawa, mwanangu," alisema. "Nyumba ni yako."

Mtu akibisha, bado ana nguvu. Alipokubali hivyo ndipo nilipoogopa. Nilifikiria jikoni ile ya Black Rock saa nne asubuhi, mabasi yanapita nje, na hakuna anayempigia kelele akiingia.

Daktari Owen alijaribu kuchukua ngozi kwa utepe wa gundi, ule utepe niliokuambia ni zana. Unaubandika mgongoni, unaubandua, unautazama kwenye hadubini. Utepe haukushika. Akajaribu mwingine, nao ukateleza. Akaushika chini ya taa, akaniambia polepole, "Kuna kitu kwenye manyoya haya. Sijui bado ni nini. Unaweza kumuuliza tena?"

Nikamuuliza tena. Dawa? Hakuna. Sabuni? Hakuna. Maji? Nimeshasema hapana. Alikuwa anajibu kweli, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejibu kweli. Daktari akatoka kwenda kuleta kioo cha kukuzia cha mkononi, na tukabaki sisi watatu na shangazi wawili wanaojikuna.

Nilikuwa nimeweka mikono mezani. Mikono ya kliniki unaijua: tunaosha kabla ya kila mnyama na baada ya kila mnyama, na Januari ya Buffalo inamalizia. Yangu ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, nyeupe kama imepakwa majivu. Mama Nestori aliitazama, akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, unafanya kazi na mikono namna hii? Hakuna mtu nyumbani kwako?"

Akafungua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya mgando, yale ya watoto yenye harufu, akanishika mkono bila kuniomba ruhusa na kuanza kunipaka. Kifundo kwa kifundo, vizuri, kama unavyompaka mtoto kabla hajakwenda kanisani. Nikamwachia. Nani amenipaka mafuta tangu mama yangu? Alipomaliza mikono yote miwili, yale yaliyobaki vidoleni hakuyafuta. Aliingiza mkono kizimbani, akampapasa Karorina mgongoni kuanzia shingo hadi kiunoni, na Karorina akatulia kama aliyezoea.

"Na wewe," alimwambia. "Usiseme nimekusahau."

Nikaitazama mikono yangu inayong'aa, kisha mgongo wa Karorina.

"Dada," nikasema, "huwa unawapaka?"

"Nani?"

"Hawa. Karorina na Tereza."

"Sasa niwaache wapauke?" Alinishangaa. "Kila asubuhi. Namaliza mtoto, nawapaka wao. Ngozi ikiwa imekauka unaipaka mafuta, mdogo wangu, wewe si mtu wa kwetu? Baridi ilipozidi nikaongeza na jioni."

"Lakini daktari aliuliza kama umewawekea dawa."

"Mafuta si dawa," alisema Mama Nestori. "Mafuta ni mafuta."

Na alikuwa na haki. Kwetu mtoto akitoka majini anapakwa mafuta. Usipompaka, majirani watauliza kama ana mama. Hakuna anayeita jambo hilo matibabu, kama usivyoita shati matibabu. Tulimuuliza dawa, sabuni na maji, na katika hivyo vitatu mafuta hayamo. Alitujibu kwa ukamilifu alichoulizwa.

Nestori alikuwa amefumba macho. "Mama. Umewapaka panya mafuta ya mtoto."

"Yako ulikuwa unayamaliza peke yako, na hujafa."

Sasa nikueleze, maana hapa ndipo kazi ilipo. Manyoya ya degu ni kama koti lenye hewa ndani. Mafuta yanayalaza, hewa inatoka, ngozi inanasa uchafu na joto, inawasha. Anajilamba, anameza mafuta. Hapo sisi tukaleta mchanga. Mchanga kwenye manyoya makavu unafyonza mafuta kidogo ya mwili na kudondoka nayo; kwenye manyoya yaliyopakwa mgando unakuwa udongo wa kusiribia ukuta. Kila ushauri wetu ulikuwa sahihi, na ule wa mchanga ukazidisha kuwashwa.

Daktari Owen aliporudi na kusikia kisa hicho, alikaa kwenye kiti, akacheka kwa kupumua, si kwa dharau. "Basi tunaweza kuwasaidia leo," alisema. Kwa kawaida degu haogeshwi kwa maji, lakini hawa walioshwa hapo hapo kliniki, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali aliyoichagua yeye, wakakaushwa kabisa kwa taulo na joto kabla ya kwenda popote. Kidonda cha Tereza kikapata dawa yake. Mchanga ukasimamishwa mpaka kidonda kifunge, kisha urudi mara chache kwa wiki, kwa muda mfupi, na bakuli liondolewe wakimaliza.

Nilimgeukia Nestori. "Mwanangu, utitiri hatukuuona. Yale majibu mengine yanakuja. Mpe mama yako mpaka hapo."

Alitazama kizimba, akauliza, "Na yakija mabaya?"

"Yakija mabaya, Jumamosi bado itakuwepo."

"Sawa," akasema. Kisha, kwa mama yake, "Lakini mafuta ukome."

"Nimeshasikia. Wewe pia utajipaka mwenyewe."

Majibu yalipotoka nilipiga simu mwenyewe. Hakuna mashilingi. Nikasikia kelele nyembamba za degu nyuma ya Mama Nestori, naye akisema mbali na simu, "Mmesikia? Mnabaki." Daktari wa watoto alishasema mashavu ya mtoto ni ukavu tu wa mtambo wa joto, akapendekeza, bila kujua anaongea na nani, kwamba bibi ampake mafuta zaidi. Nestori ndiye aliyenisimulia hilo, na alikuwa anacheka. Mkewe alikuwa amelala usiku kucha.

Majani yalipoanza kuchipua walirudi kwa ukaguzi. Degu wote wawili walikuwa wamevaa manyoya mapya, ya kahawia, yaliyosimama vizuri. Utepe wa gundi ukashika mara ya kwanza. Nestori ndiye aliyebeba kizimba, na alipokiweka mezani Karorina akapiga kelele. Akamjibu, "Na wewe habari za asubuhi," kisha akatutazama kama mtu aliyefumaniwa.

Nimeshawaona degu wengi wanaojikuna, na wengi walipona kwa dawa, kwa mwenzi, kwa kubadilisha maranda. Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kukwangua ngozi. Mwambie aliyemleta akuonyeshe kwa mikono yake kila anachomfanyia mnyama tangu asubuhi, hata vile asivyoviona kuwa vya maana, nawe utazame mpaka amalize.